Paka aliyepasuliwa ni amana

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, katika miji yetu ya pwani, kuanzia Lamu hadi Mji Mkongwe wa Unguja, si jambo geni siku hizi mtu kumpeleka paka jike kwa daktari wa mifugo akafungwe kizazi. Wanachuoni wametofautiana katika suala hili, na baadhi yao wa zama zetu wamelijuzisha kwa sharti kuwa pawe na maslahi na mnyama asidhuriwe. Hatukusudii kuurudia mjadala huo. Tunachokumbusha ni kuwa sharti la kutomdhuru haliishii kwenye meza ya daktari. Siku 10 hadi 14 za kupona kwa mshono ziko mikononi mwa mwenye paka.

Ipo Hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tuizingatie vizuri. Haikutajwa kuwa alimpiga wala kumchoma moto. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Yaani ukishamzuia mnyama asijitafutie, chakula na maji yake vimekuwa juu yako. Na paka mwenye mshono tumboni hana budi kuzuiwa: asiruke ukuta, asipande paa, asitoke nje. Je, anayemfungia kwa matibabu kisha akamsahau, ana tofauti gani na mwanamke yule?

Basi amana hii inatekelezwaje? Usiku wa kwanza bado amelewa dawa ya usingizi. Alazwe chini, juu ya kitambaa safi, pahali pakavu penye utulivu, mbali na watoto. Apewe maji, na chakula kidogo akishazinduka vizuri. Pahali pa kujisaidia watie karatasi zilizochanwa badala ya mchanga, usije ukaingia kwenye kidonda. Asiogeshwe. Asiachwe kuulamba mshono. Kola ya shingoni aliyovishwa na daktari asivuliwe kwa kuonewa huruma.

Mshono utazamwe asubuhi na jioni. Ukitoa usaha, harufu au damu, ukiachia, au paka akikataa chakula siku nzima, arudishwe kwa daktari bila kuchelewa.

Tahadhari kubwa: asipewe Panadol wala dawa yoyote ya maumivu ya binadamu. Kidonge kimoja tu cha Panadol chaweza kumuua paka. Wala kidonda kisipakwe dawa za kusafishia sakafu. Zipo zenye sumu kwake, naye atazilamba.

Ndugu zangu, wapo wanaompokea paka kwa daktari na kumwachia uani jioni ileile, wakiona kazi imekwisha. Mnyama huyu hana ulimi wa kushitaki, lakini Mola wake anamwona. Asiye na nafasi ya kumtunza siku hizo chache, asimpeleke mpaka aipate, au atafute wa kumsaidia. Kwani aliyejitwika amana ataulizwa juu yake.

Allah (S.W.) atujaalie kuwa wenye huruma kwa viumbe Vyake. Amin.

Wabillahi Tawfiq.