Mstari wa Moyo

Tarehe 5 Aprili 2020, Sudani Kusini ilipotangaza mjini Juba mgonjwa wake wa kwanza wa korona, wengi waliudhania ugonjwa huo kuwa wa mapafu tu. Kumbe ile karatasi ya miraba midogo, ipitayo milimita 25 kwa sekunde chini ya sindano ya mashine ya kupima mapigo ya moyo, ilikwisha shuhudia kwingineko kwamba nimonia ya virusi huuharakisha moyo na pengine huyapinda mawimbi yake. Je, tuseme kalbi ya mja imesomwa? Hasha! Mashine huandika pigo, wala haiandiki hofu, toba wala matumaini ya alalaye kando ya Nile. Basi tabibu ausome mstari kwa ilimu, na mgonjwa mwenyewe amsikilize kwa huruma, kwani ajali i mikononi mwa Mola.