Ukiruka Siku, Usiiache Biblia

Biblia ina sura 1,189. Ukisoma tatu au nne kwa siku, unaimaliza ndani ya mwaka. Ratiba hiyo ni njema, ila dereva wa lori aliye kwenye foleni ya mpakani Tunduma, Biblia ikiwa juu ya dashibodi, hajui kama leo atavuka kwenda Nakonde, Zambia. Kwa mtu kama huyo, Wakristo wa Kanisa la Moravian wana desturi inayofaa, iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728: kila siku na neno lake fupi la Biblia. Basi shika ratiba, lakini ukiruka siku tatu usikimbizane na sura ulizoziacha. Anzia ya leo, soma taratibu, omba, kisha ulitende ulilosoma kabla jua halijazama.