Maskini Haokoti

Wahenga walisema: Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Hawakutuagiza kutenda hivyo. Walitaja ubaya ulio ndani ya watu, ili tuutambue tuuonapo. Katika mabaraza yetu ubaya huu hujionyesha mara kwa mara. Mjane asiye na ndugu akisimama kutoa ushahidi, watu hupima kwanza nguo zake. Bwana mwenye ng'ombe wengi akisema, neno lake hupokelewa pasipo kuulizwa. Basi, wasomaji wapendwa, nataka tulifikiri swali hili: Je, ukweli wa neno hutokana na cheo cha msemaji? Na kama sivyo, mtu mwaminifu afanye nini ili ukweli wake usimame? Mifano yangu nitaitwaa mahali ambapo wengi hawangeitazamia, yaani katika kazi ya watu waokotao mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka kuwa mawe, ndiyo yaitwayo visukuku.

Yafaa kwanza tujue visukuku hupatikanaje. Mnyama akifa, kwa kawaida huoza au huliwa na fisi, wala hakibaki kitu. Lakini pengine mzoga hufunikwa upesi na matope ya ziwa au ya bahari. Nyama huoza, mifupa hubaki, na maji yapitayo ardhini huingiza madini katika vitundu vyake, hata baada ya zamani nyingi mfupa huwa jiwe, nao umeshika umbo lake la kwanza. Majani nayo huacha alama katika udongo, kama muhuri katika nta. Kisha mvua na mawimbi hula mwamba, na kilichozikwa hutokea juu. Wako watu katika nchi nyingi ambao kwa kupenda tu, pasipo mshahara, huzunguka makorongoni na pwani wakiokota vitu hivyo na kuvifananisha na viumbe vilivyo hai, ili wajue ni mabaki ya nini. Ni kazi njema ya akili. Walakini ina jaribu lake, maana mwokotaji mara nyingi yu peke yake, na saa ya kuokota hana shahidi ila Mungu.

Katika mji wa Lyme Regis, pwani ya kusini ya Uingereza, alizaliwa mwaka 1799 binti mmoja jina lake Mary Anning. Baba yake alikuwa seremala, naye alizoea kuokota visukuku chini ya magenge ya bahari na kuwauzia wageni. Alikufa mwaka 1810, akaiachia jamaa yake deni. Mwaka uliofuata kaka yake Mary aliona fuvu la mnyama mkubwa ndani ya mwamba, na mwaka 1812 Mary mwenyewe, akiwa msichana mdogo bado, akapata mwili uliosalia. Alikuwa mnyama wa baharini mwenye umbo kama la samaki, naye si samaki, wa jamii ambayo imetoweka duniani. Mary hakupata elimu ya shule ila kidogo sana. Alijifundisha mwenyewe, alipasua samaki na ngisi ili aone jinsi viungo vyao vilivyopangwa, apate kuvitambua vile vya mawe. Kazi yake ilikuwa ya hatari, kwa kuwa magenge yale huporomoka. Mwaka 1833 maporomoko yalimwua mbwa wake karibu na miguu yake.

Mwaka 1823 alipata mnyama mwingine, mwenye shingo ndefu ajabu. Habari zilifika Paris kwa Georges Cuvier, mtaalamu mkuu wa mifupa katika siku zile. Yeye alipoona hesabu ya pingili za shingo alishuku, akadhani kwamba labda mifupa ya wanyama wawili imeunganishwa kwa hila. Mwaka 1824 wataalamu wa mawe walikutana London kulizungumza jambo hili, naye William Conybeare, aliyekuwa kasisi, akaeleza habari za mnyama yule. Mary hakuwapo, wala wanawake hawakukubaliwa kuwa wanachama. Lakini mifupa ilipochunguzwa vema, ilionekana kuwa ni ya kweli yote, na Cuvier akakiri ya kuwa alikosea. Sasa twajua ya kuwa wanyama wale waliishi yapata miaka milioni 200 iliyopita.

Sasa tumtazame mwokotaji wa pili. Charles Dawson alikuwa wakili katika jimbo la Sussex, Uingereza, mtu wa heshima, mwanachama wa vyama vya wenye elimu. Yeye naye aliokota visukuku kwa kupenda. Mwezi wa Desemba 1912, yeye pamoja na Arthur Smith Woodward, mtaalamu wa jumba la makumbusho la London, walitangaza kwamba katika shimo la kokoto huko Piltdown vimepatikana vipande vya fuvu na taya la mtu wa kale sana. Fuvu lilikuwa kubwa kama la mtu, na taya kama la nyani. Wengine walitia shaka, lakini wengi wakakubali. Na wataalamu waliotaka kuichunguza mifupa kwa kawaida walipewa mifano iliyofinyangwa, si mifupa yenyewe. Dawson akafa mwaka 1916, na baada yake hakikuonekana tena kitu Piltdown. Mwaka 1938 wakamsimamishia jiwe la ukumbusho.

Mfupa uliolala ardhini hunywa kidogo kidogo madini yaitwayo florini, na kadiri ulivyolala ndivyo ulivyonywa. Kwa kipimo hiki na vingine, mwaka 1953 ilidhihirika ya kuwa mifupa ya Piltdown ni udanganyifu mtupu. Fuvu lilikuwa la mtu asiye wa kale hata kidogo. Taya lilikuwa la nyani mkubwa wa Asia aitwaye orangutani. Meno yalikuwa yamesuguliwa kwa tupa, na yote kutiwa rangi yaonekane ya zamani. Wataalamu waliochunguza tena, na kueleza habari zake mwaka 2016, walisema dalili zaelekea kwa Dawson mwenyewe.

Haya, tupime. Maskini mwenye kusema kweli alishukiwa. Mkubwa mwenye uongo aliaminiwa muda wa miaka 41. Wala uongo ule haukukaa bure bila madhara. Mwaka 1924 huko Taung, Afrika ya Kusini, wachimba chokaa walipata fuvu la mtoto wa kale, na mwaka 1925 Raymond Dart akatangaza ya kuwa ni la kiumbe aliye karibu na asili ya wanadamu. Wakuu wengi wa Ulaya walimkatalia, na sababu mojawapo ni kwamba fuvu lile halikupatana na la Piltdown. Ndivyo uongo wa shimo moja la kokoto ulivyoufunika ukweli wa Afrika kwa miaka mingi.

Pengine mtu atajibu: Hatuwezi kupima kila neno tuambiwalo. Mtoto humwamini mwalimu, mgonjwa humwamini mganga, na kijiji kisicho na kuaminiana huvunjika. Neno hili ni kweli, wala sipendi tuwe watu wa kushuku kila mtu. Lakini tuangalie kosa lilikuwa wapi. Cuvier kwa kushuku hakutenda dhambi, kwa kuwa alipoonyeshwa ushahidi alikubali. Wala jiwe la Mary halikupata hasara kwa kupimwa, lilipata heshima. Kosa ni kuwa na mizani miwili: kumpima maskini kwa mizani ya dhahabu, na kumpimia mkubwa kwa macho tu. Mtume Yakobo aliwaonya Wakristo wa kwanza juu ya jambo hili hili, walipompa tajiri kiti kizuri katika kusanyiko na kumwambia maskini asimame kando. Kumpima mtu si kumdharau. Kumkataa pasipo kumpima ndiko kumdharau. Na kumkubali pasipo kumpima, kwa ajili ya cheo chake, si heshima bali ni uvivu wa akili. Mwenye kweli haogopi mizani.

Kwa hiyo mwokotaji mwaminifu huweka kazi yake wazi ili wengine waipime. Kwanza huandika mahali alipookota, katika mwamba gani, na siku gani. Kwa maana jiwe lisilojulikana lilikotoka ni kama shahidi asiye na ulimi. Pili haongezi kitu; kiungo kikipungua, hukiacha kipungue. Tatu huwaachia wengine walitazame jiwe lenyewe, hasa wale wasiokubaliana naye. Nne hutaja jina la yule aliyeona kwanza, hata akiwa mchunga mbuzi. Hapo twagusa deni la zamani katika nchi yetu. Katika vilima vya Tendaguru, upande wa Lindi, kuanzia mwaka 1909 hata 1913, mamia ya watu walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, wakaichukua kwa vichwa hata pwani, ikapelekwa Berlin. Mmoja wao asimama huko hata leo, kimo chake mita 13 na zaidi. Majina ya mabwana wa kazi yajulikana sana; la msimamizi Boheti bin Amrani limehifadhiwa; lakini majina ya wachimbaji na wachukuzi wengi hayatajwi. Hao hawakuambiwa wameiba. Walisahauliwa tu, na huo nao ni mlango mwingine wa ile methali.

Lakini jambo jema latendeka pia. Kamoya Kimeu wa Kenya, aliyefariki mwaka 2022, alisoma miaka michache tu ya shule. Mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha mfupa kati ya kokoto zenye rangi ile ile, na kutokana nacho ikapatikana mifupa ya kijana aliyeishi miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Kazi yake ilipimwa, ikaonekana njema, na viumbe wawili wa kale wa jamii ya nyani wamepewa jina lake.

Basi, ndugu, ukiokota korongoni jiwe lenye umbo la mfupa au la jani, usilifiche wala usiliuze. Usichimbe, maana Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na vitu hivi havichimbwi pasipo kibali. Weka alama mahali pale, ukawape habari wenye mamlaka. Na mtoto wa jirani akija mbio, mikono ina vumbi, kukuambia ameona kitu, usitazame kwanza mikono yake. Mwambie, Twende ukanionyeshe. Huenda hakuna kitu. Mtarudi pamoja, naye atajua ya kuwa neno lake lilipimwa kwa haki. Mary Anning alipokufa mwaka 1847, wale waliokuwa hawamruhusu kuketi pamoja nao walitoa fedha, na mwaka 1850 dirisha la ukumbusho wake likawekwa katika kanisa la mji wake. Heshima ile ilikuwa njema, lakini ilichelewa. Ingalimfaa zaidi kama angalipewa kiti alipokuwa hai.