Kanzu ya Samweli

Somo: 1 Samweli 2:18–21



Katika somo letu twamwona Hana akipanda Shilo kila mwaka pamoja na mumewe Elkana, amemchukulia mwanawe Samweli kanzu ndogo aliyomshonea. Kwa nini kila mwaka? Kwa sababu ile ya mwaka uliopita ilikuwa imekwisha kuwa fupi. Mtoto alikuwa akikua, na mama alijua kwamba anakua.

Je, sisi twajua? Hapa Makole na vijijini kwetu, mtoto akiwa mfupi kuliko wenzake twasema, "Ni ukoo wao, hata baba yake ni mfupi." Baada ya hapo hatuulizi tena.

Ni kweli, kimo hurithiwa. Wataalamu wana hesabu nyepesi: jumlisha kimo cha baba na cha mama, kwa mtoto wa kiume ongeza sentimeta 13, kwa wa kike toa 13, kisha gawanya kwa mbili. Baba akiwa na sentimeta 170 na mama 158, mwana wao hutazamiwa kufikia kama 170 na nusu, na binti 157 na nusu, akizidi au akipungua kiasi. Ufupi wa namna hiyo hauna aibu. Zakayo alikuwa mfupi, na Bwana akaenda kukaa nyumbani mwake.

Lakini hesabu hiyo ni ya mtoto aliyelishwa vyema. Shirika la Afya Duniani lilipima watoto walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri katika Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Mwaka 2006 likatangaza kwamba wastani wa kimo chao, hata kufikia miaka mitano, ulikaribiana sana. Mungu amemwumba mtoto wa kila taifa akue. Kumbe kwetu Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Huo si ukoo. Ni chakula kisichotosha au cha namna moja tu, na maradhi ya mara kwa mara, tangu mimba hata mwaka wa pili.

Tena msichana aliyedumaa, akija kuwa mama, mara nyingi huzaa mtoto mdogo. Nasi twasema tena, "Ni ukoo," kumbe ni njaa ya bibi iliyorithiwa.

Sisi tuliofundisha shule tuliwapanga wanafunzi mstarini, wafupi mbele, tukawatania kwa majina. Hatukuuliza hata siku moja walikula nini walipokuwa wachanga. Mungu atusamehe.

Basi yatupasa nini? Akina baba, mama mjamzito apakuliwe kabla yetu. Uji wa uwele au mtama utiwe maziwa, au karanga zisizo na ukungu. Ugali wa mtoto uwe na kunde na mlenda. Na mayai yasiuzwe yote sokoni. Twendapo kliniki, tuombe mtoto apimwe urefu, si uzito tu, na baba naye aisome ile kadi.

Ndugu, nguo ya mwaka jana ikiwa bado yamtosha mtoto, tusifurahi kwamba tumeokoa fedha. Tuulize kwa nini.

Bwana aliyemkuza Samweli atupe macho ya Hana. Amina.