Mwenzako Akisema Amechoka, Je, Umwamini?



Siku mliposimama mbele ya altare, mliahidiana kuwa waaminifu katika afya na katika ugonjwa. Bila shaka wengi walifikiria ugonjwa unaoonekana: homa kali, mguu uliovunjika, kulazwa hospitalini. Lakini upo ugonjwa ambao mgonjwa huonekana mzima, vipimo vyake hutoka safi, na ushahidi uliopo ni neno lake tu. Je, mume au mke ana wajibu wa kuliamini neno hilo?

Nazungumzia Korona ya muda mrefu. Watu wa Mombasa hawajaisahau miaka ile. Mei 2020 Mji wa Kale ulifungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Januari 2021 lilifunguliwa daraja linaloelea kati ya Liwatoni na Ras Bofu, ili watu wavuke kwa miguu badala ya kusongamana kwenye feri ya Likoni. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Katika nyumba nyingine, hata hivyo, ugonjwa haukwisha.

Mwaka 2021 Shirika hilo lilieleza hali hii: miezi mitatu baada ya kuugua, mtu bado ana dalili ambazo zimedumu angalau miezi miwili na hazina sababu nyingine. Huchoka sana, hukatika pumzi, husahau, hushindwa kufuata mazungumzo. Humpata hata aliyeugua kidogo bila kulazwa. Hakuna kipimo kimoja cha kuithibitisha. Tena kuna jambo linalowachanganya wengi: mgonjwa akifanya kazi kupita nguvu zake leo, mara nyingi huanguka kesho au keshokutwa.

Hebu tumfikirie mke mmoja wa Liwatoni. Jumamosi amefua, amekwenda Marikiti, jioni amewapikia wageni na kucheka nao. Jumatatu hawezi kuinuka kitandani. Mumewe anamwambia, "Mama Rosa, juzi ulikuwa mzima. Leo kuna kazi, ndipo ugonjwa umerudi?" Mawifi wananong'ona kwamba ni mvivu, au amerogwa. Usiku akisema hana nguvu, mume anaona kwamba hapendwi tena.

Mume huyu si mtu mbaya. Anahukumu kwa macho, na macho yake yaliona Jumamosi tu. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ajabu ni kwamba mnaweza kulala kitanda kimoja na bado usiyajue maumivu ya mwenzako, asipokuambia nawe ukamwamini.

Utauliza, "Na kama ananidanganya?" Ni swali la haki. Pima basi makosa haya mawili. Ukimwamini asiyeumwa, umepoteza jasho lako la kufua na kupika. Ukimshuku anayeumwa, umemwacha peke yake ndani ya nyumba yenu. Naye, ili akuthibitishie kwamba si mvivu, atajikaza na kuumia zaidi. Makosa haya hayana uzito mmoja. Kumbuka rafiki zake Ayubu. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hapo walikuwa rafiki wema. Walikosea walipoanza kumtafutia dhambi iliyomletea mateso.

Kuamini hakutoshi. Mpeleke hospitali, uingie naye kwa daktari, ueleze ulivyoona. Kifua kikuu, upungufu wa damu na kisukari huweza kuleta uchovu kama huo, nayo yana matibabu. Ikiwa ni Korona ya muda mrefu, hakuna bado dawa iliyothibitishwa ya kuimaliza, ingawa wengi hupata nafuu polepole. Zipangeni nguvu zake kama mnavyopanga mshahara mdogo: kazi kidogo kwa siku, na pumziko kabla ya kuchoka, si baada ya kuanguka.

Nawe unayeumwa, una wajibu wako. Sema kweli kuhusu usichoweza, na pia kuhusu unachoweza. Mwenzako anabeba watoto, kodi ya nyumba na hofu yake mwenyewe. Mshukuru, umwache apumzike, na siku akikasirika usidhani amekuchoka. Ikiwa tendo la ndoa limekuwa zito, msinyamaziane. Kushikana mikono na kuzungumza kwa upole ni upendo wa ndoa pia.

Jioni hii, watoto wakilala, ulizaneni: Ni jambo gani la mwili wangu ambalo sijakuambia kwa kuogopa hutaniamini? Sikilizeni jibu mpaka mwisho, bila kukatana maneno.