Ufagio wa Mfalme

Katika mji wa Puri, pwani ya mashariki ya Bara Hindi, lipo hekalu kubwa la Wahindu lililojengwa katika karne ya 12. Humo huabudiwa Jagannath, jina lenye maana ya Bwana wa ulimwengu. Kila mwaka, mwezi wa Juni au Julai, sanamu yake, na ya kaka yake Balabhadra, na ya dada yao Subhadra, hutolewa nje na kupandishwa juu ya magari matatu ya mti yaliyoundwa upya kwa sikukuu hiyo. Gari la Jagannath peke yake lina magurudumu 16. Halivutwi na mnyama wala mtambo: watu wenyewe, maelfu kwa maelfu, hushika kamba na kulikokota yapata kilometa 3 mpaka hekalu la Gundicha.

Lakini kabla kamba hazijakazwa, mrithi wa wafalme wa kale wa nchi ile hupanda juu ya kila gari, ameshika ufagio wenye mpini wa dhahabu, akafagia sakafu mbele ya macho ya watu wote. Mwaka 1971 serikali ya India ilifuta vyeo vya wafalme, kufagia hakukufutwa. Maana yake hata mtoto huielewa: mbele ya Mungu hakuna mkubwa.

Hatusemi kwamba dini zote ni mamoja. Sisi twamkiri Kristu. Walakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitufundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Basi mzazi amsikiaye mwanawe akidhihaki ibada ya jirani Mhindu, na amkanye.

Kisha ajitazame mwenyewe. Bwana wetu aliwaosha mitume miguu. Je, kanisani kwetu siku ya Jumamosi ni nani ashikaye ufagio? Mara nyingi ni akina mama na watoto. Baba mwenye cheo huja Jumapili, akaketi mahali alipofagia mkewe, na akiulizwa husema kazi ile si yake.

Akina baba, ufagio uko nyuma ya mlango wa kanisa. Mpini wake ni wa mti tu, lakini Mungu hatazami mpini. Jumamosi hii ushikeni, na watoto wenu wawaone.