Zakayo, Yuda na Nyumba za Likasi

Masomo: Luka 19:1–10, Mathayo 27:3–5, Hesabu 5:5–8

Injili inatuonyesha watu wawili walioshikwa na hatia kwa sababu ya fedha, na wote wawili wakaamua kuzirudisha. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru kule Yeriko, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu kumlipa mara nne. Yuda Iskariote alivirudisha vipande vyote 30, hakubakiza hata kimoja. Mmoja aliambiwa kwamba wokovu umeingia nyumbani mwake siku ileile. Mwingine alikwenda kujinyonga.

Basi kurudisha peke yake hakuponyi. Angalia ni nani aliyempokea kila mmoja. Zakayo alikuwa bado juu ya mkuyu Yesu alipomwita kwa jina na kujikaribisha kwake, kabla hajaahidi hata senti. Neema ilitangulia, mkono ukafunguka baadaye. Yuda naye aliungama, tena waziwazi, kwamba amesaliti damu isiyo na kosa. Lakini ungamo lake alilipeleka kwa wale wakuu wa makuhani waliomlipa, nao wakamjibu kwamba hayo hayawahusu, ni juu yake mwenyewe. Watu wa dini walikuwa wamekaa mahali pa kusikiliza toba, wakamfukuza mtubu.

Sisi wa Likasi tuna sababu yetu ya kuyasoma masomo haya pamoja. Tarehe 15 Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu, akachukua nafasi ya Nguz Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga, mkoa ambao wakati ule uliitwa Shaba. Haikuchukua muda, Wakasai wakaanza kufukuzwa majumbani. Chuki ilikuwa imekwisha pandwa, kwani majukwaani walikuwa wakiitwa bilulu, yaani wadudu. Maelfu walikimbilia gare yetu ya Likasi na kwenye mashule, wakalala hapo na watoto, sufuria na magodoro, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Wako waliokufa wakingoja, na wako waliokufa njiani. Wengi wao walizaliwa hapahapa. Baba na babu zao waliletwa na Union Minière kuchimba na kuyeyusha shaba, na huko Kasai walikuwa wakipasikia tu.

Ni kweli kwamba maisha yalikuwa yamebana. Mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ulikuwa umeporomoka Septemba 1990, kampuni ya madini ya Gécamines ikaanza kuyumba, na watu wa Katanga walilalamika kwamba kazi nzuri zilikwenda kwa wageni. Mwanahistoria lazima aeleze hayo yote. Mtubu hana ruhusa ya kuanzia hapo. Daudi katika Zaburi ya 51 hatafuti wa kumsukumia kosa, wala hasemi kwamba nyakati zilikuwa ngumu. Anasema dhambi ni yake na iko mbele ya macho yake.

Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule sasa amepita 50. Huenda ni mzee wa kanisa, huenda ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka. Tuseme yuko baba mmoja huko Kikula ambaye nyumbani kwake kuna cherehani. Mkewe ameshonea watoto sare za shule kwa miaka mingi. Chini ya ubao wake kuna herufi mbili zilizokwaruzwa kwa msumari, na si herufi za jina la mtu yeyote wa nyumba ile. Baba huyo ameomba mara nyingi, "Bwana, nisamehe dhambi zangu zote." Ameomba kwa machozi, na baada ya amina moyo unarudi palepale. Maneno mapana namna hiyo hayaifikii cherehani. Zaburi ya 32 inasema mtu akinyamaza, mifupa yake inachakaa. Mtu anaweza kunyamaza hata akiwa anaomba kwa sauti kubwa, mradi kile kitu chenyewe hakitaji.

Kitabu cha Hesabu kinakwenda moja kwa moja kwenye jambo. Aliyemkosea mwenzake na aungame kosa alilolifanya, arudishe thamani yote, aongeze sehemu ya tano, ampe yule aliyekosewa. Kitu cha dola 100 kinarudi na dola 120. Na mtu atauliza, "Nitamrudishia nani? Walipanda treni, sijui kama wako hai." Musa alikwisha kulifikiria swali hilo. Kama mwenye haki hayupo, wala ndugu yake wa karibu wa kupokea, malipo ni ya Bwana na anapewa kuhani. Lakini hiyo ni baada ya kumtafuta ndugu. Likasi kumtafuta si kazi ya ajabu. Wako waliorudi, na tunakaa nao benchi moja Jumapili. Wengine wana parokia na makanisa yao Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi, Kananga, na mapadri na wachungaji wana njia ya kuulizana.

Watoto wetu je, ambao mwaka 1992 hawakuwapo? Nabii Ezekieli, sura ya 18, yuko wazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wasibebeshwe hatia isiyo yao. Lakini nyumba wanayoirithi inabaki na historia yake, na Nehemia, ambaye hakuabudu sanamu za baba zake, alipoomba alisema "sisi" alipotaja dhambi za mababu. Mwana hana hatia ya kufukuza, lakini anao wajibu wa kusema kweli akiulizwa nyumba hii ilikuwa ya nani.

Kuna jambo la kuwaambia pia waliotendewa. Msamaha ni wenu kuutoa, na mtu asiwaharakishe kwa mstari wa Biblia. Anayekuja kutubu haji kudai neno "yameisha". Anakuja kusema alichokifanya na kuweka mezani alichokichukua. Mkiweza kumsamehe siku hiyohiyo, Mungu ashukuriwe. Mkihitaji muda, yeye na angoje, maana amani yake haining'inii kwenye jibu lenu. Inatoka kwa Kristo aliyemkaribisha kabla hajalipa chochote.

Lakini neno zito zaidi la masomo haya linawaangukia wanaopokea maungamo. Pasta au padri akijiwa na mtu aliyebeba jambo la mwaka 1992, akamjibu, "Hayo ni ya zamani, baba, achana nayo," anadhani amemfariji. Kumbe amempa jibu lile alilopewa Yuda: hayatuhusu. Mtu huyo atarudi nyumbani na mzigo wake, na safari nyingine hataubeba kwetu. Kanisa lililojifunza kwa Yesu linaingia nyumbani kwa Zakayo, linakula bukari yake huku watu wakinung'unika, linamsikiliza mpaka mwisho, kisha linakwenda pamoja naye kumtafuta mwenye cherehani.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, ulimwita Zakayo kabla hajastahili. Tuite nasi kwa majina yetu. Utupe ujasiri wa kukitaja tulichokichukua, na jirani tuliyemfungia mlango alipotuita. Uwakumbuke waliokufa kwenye gare na njiani, uwaponye waliobaki na kumbukumbu zao. Utufundishe kurudisha bila kuhesabu, na kungoja msamaha bila kuudai. Na anapokuja kwetu mwenye hatia, asitukute tukisema hayatuhusu. Amina.